Ganzi ya Barabara ya Arash

Kama umeanza kusoma hapa kwa sababu vidole vyako vimeanza kukususia juu ya pikipiki, kwanza nakupa pole. Pili, acha ubishi. Mimi nilibisha kiangazi kizima, na ubishi huo nusura uninyang'anye mkono wa kulia pamoja na kazi ninayoipenda. Leo mikono yangu ni mizima. Jana nilichanja zizi zima la mbuzi, nikafunga kamba za mizigo mwenyewe, nikarudi nikasonga ugali mgumu bila kumwita mtu. Kwa hiyo usiogope, habari hii inaishia pazuri. Ila njia yake ilikuwa na mawe mengi.

Mimi ni afisa mifugo. Nimezaliwa Karatu kwa Wairaqw, kwenye mashamba ya ngano na mbaazi, na mume wangu na binti yetu Theresia wanaishi huko. Kazi yangu iko Wasso, upande wa pili wa Ngorongoro, safari ya basi ya kutwa nzima. Kutoka Wasso natumia pikipiki ya ofisi kwenda kwenye maboma ya Wamasai, Soitsambu, Arash na mbele ya hapo, kuchanja ng'ombe, mbuzi na kondoo. Wafugaji wananiita Daktari. Mama Nashipai wa Arash, mjane mwenye ng'ombe wengi na ulimi mwepesi, hunitania kwamba babu zake waliwachukua ng'ombe wa babu zangu, na kwamba chanjo ni kisingizio tu, mimi nimekuja kuangalia kama bado wapo.

Ganzi ilianza kwa adabu. Ilikuwa mwanzo wa kiangazi, asubuhi za baridi na mchana wa vumbi. Baada ya saa moja ya barabara kidole gumba na viwili vinavyokifuata vilianza kuwasha, kisha vikanyamaza. Nikisimama na kukung'uta mkono, vilirudi. Nikasema ni baridi. Kiangazi kilipokolea na baridi ikaisha, nikasema ni umri. Nilikuwa na miaka arobaini na mmoja, umri ambao hausababishi chochote, lakini nilihitaji wa kumlaumu.

Baadaye ganzi ikaacha kunisubiri barabarani. Ikawa inanikuta nimeshika kikombe, nimeshika simu, nimeshika kitana. Asubuhi niliamka na mkono mzito, hauna mwenyewe, nikaupigapiga pajani mpaka ukumbuke ni wa nani. Sikumwambia mtu. Mume wangu akipiga simu kuuliza habari za huko, nilimwambia nzuri, na simu nimeishika kwa mkono wa kushoto.

Nikaanza kujitibu, na hapa ndipo nataka usome polepole.

Barabara ya Arash ina makorongo, na kati ya korongo na korongo kuna vijituta vilivyojipanga kama bati la paa. Mtikisiko wake unaanzia kwenye tairi na kuishia kwenye meno. Misimu miwili kabla ya ugonjwa, kasha langu la baridi la chanjo lilikatika kamba kwenye keria, likabiringika korongoni, na chupa zote zikavunjika. Watu wa Arash walikuwa wamezuia mifugo zizini tangu alfajiri, ndama wanalia, na mimi nikafika na kasha la vipande vya chupa. Hakuna aliyenitukana, na hilo ndilo lililoniuma. Tangu siku hiyo niliapa kwamba chanjo haitakaa tena nyuma. Niliiweka mbele, juu ya tangi, katikati ya mapaja yangu, nikiizungushia mikono hadi kwenye usukani. Wachanjaji wengi wa kwetu wanafanya hivyo na wanajisifu. Chanjo ilisafiri kama bibi harusi, na mimi nilisafiri viwiko vimetanuka, viganja vimepinda kwa nyuma, na uzito wote wa mwili umelalia mikono.

Ganzi ilipozidi, nilikwenda kwa Lazaro, fundi pikipiki wa Wasso, nikamwambia vishikio vinatikisa. Akavizungushia vipande vya tyubu kuukuu, safu juu ya safu, vikawa vinene na vigumu. Nilifurahi. Kwa siku mbili nilijiona mjanja. Lakini kishikio kinene kinataka kushikwa kwa nguvu, na kadiri nilivyokosa kuhisi ndivyo nilivyokaza. Nilikuwa nakinyonga kishikio kama mtu anayemnyonga kuku mgumu. Ujanja wangu wa aina mbili, kasha na tyubu, ndio ulikuwa unanila mkono.

Waswahili wanasema mficha maradhi kilio humfichua. Mimi nilifichuliwa na damu.

Ilikuwa Arash, kwa Mama Nashipai, mwishoni mwa kiangazi. Nilipozima pikipiki watoto walikuja kuniamkia. Kwa Wamasai mtoto hampi mkubwa mkono. Anainamisha kichwa, na wewe unamwekea kiganja utosini. Walikuja mmoja mmoja, wa mwisho akiwa Naserian, mjukuu wa Mama Nashipai, wa miaka kama sita, aliyenyolewa upara siku hiyohiyo. Nikaweka kiganja. Nikaona kwa macho kwamba kimefika kichwani kwake, lakini sikuhisi kitu. Sikuhisi joto wala ngozi. Ningeweza kuwa nimegusa mlango.

Naserian aliinua macho akanitazama, maana niliuacha mkono pale muda mrefu, nikitafuta.

Niliingia zizini nikaanza kazi, kwa sababu mimi ni mtu wa namna hiyo. Mbuzi wa kwanza, wa pili, wa kumi. Nilikuwa naangalia vidole vyangu ili nijue kama vimeshika bomba la sindano. Mbuzi mmoja mweusi akajitupa, nikambana kwa goti, nikachoma.

"Daktari," Mama Nashipai akasema, "unatoka damu."

"Ni ya mbuzi."

"Mbuzi hana kidole, Daktari."

Nikatazama. Sindano ilikuwa imepita kwenye nyama ya kidole gumba changu, upande mmoja ikaingia, wa pili ikachungulia. Nilikuwa nimejichoma mpaka ng'ambo na sikuwa na habari. Sikulia kwa maumivu kwa sababu hayakuwepo. Nililia kwa kuwa hayakuwepo, nimekaa juu ya samadi kavu, mbele ya mbuzi wa watu.

Mama Nashipai alinimiminia maji na sabuni, akaniosha mkono kwa muda mrefu kama anaosha kibuyu cha maziwa. Hakuniuliza kama inauma. Aliniuliza kitu kingine.

"Mume wako anajua?"

"Hajui."

"Na bosi?"

"Hajui."

"Kwa hiyo tunajua mimi na mbuzi," alisema. "Mbuzi hatasema. Mimi nitasema. Usirudi hapa na mkono huo. Ng'ombe wangu wanataka mtu anayehisi."

Nilikasirika, nikamwona amenifukuza. Ilinichukua wiki nyingi kuelewa kwamba yule mama ndiye tabibu wangu wa kwanza.

Mkuu wangu wa kazi, mtu mpole wa maneno machache, alinisikiliza mpaka mwisho kisha akanipa ruhusa ya kwenda kutibiwa. "Uchanjaji mkubwa unaanza kabla ya masika," akasema. "Ukirudi na mkono unaoshika bomba, pikipiki ni yako. Ukishindwa, nitampa mwingine na wewe nitakutafutia meza hapa ofisini."

Meza! Watu wengine wanaiombea meza. Mimi nilitoka mle ndani nikihisi kama nimesomewa hukumu. Kuna wanawake wanaopenda kukaa kivulini na mihuri, Mungu awabariki. Mimi nataka upepo usoni na ng'ombe mbele yangu. Tangu siku hiyo swali langu likawa moja: je, masika itanikuta nimeshika bomba au nimeshika muhuri?

Nilipanda basi la kwenda Karatu. Juu ya kingo za kreta ya Ngorongoro ukungu ulikuwa umelala barabarani na baridi ikaingia mkononi, nikauficha kwapani. Mama aliyekaa pembeni yangu aliniuliza kama nimebeba kifaranga. Nikamwambia ndiyo, nimebeba kifaranga mgonjwa. Akanipa nusu ya mhindi wake wa kuchoma bila maneno zaidi. Nilikuwa sijala tangu asubuhi, na mpaka leo nakumbuka utamu wa ule mhindi.

Nyumbani ndiko nilikokuta kazi ngumu zaidi. Baba Theresia ni mtu mtaratibu, mkulima, akikasirika anazidi kuwa mtaratibu. Aliniona nikishindwa kufunga vifungo vya gauni, akasogea akavifunga kimoja kimoja, halafu akakaa.

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa sita."

"Mwezi wa sita tulivuna ngano. Tulizungumza kila siku kwenye simu." Akaishika mikono yangu yote miwili. "Mama Theresia, ng'ombe wa watu wana wenyewe. Mikono hii yenyewe ina nani?"

"Ina mimi."

"Basi rudisha hiyo pikipiki."

Tuligombana siku tatu, kwa Kiiraqw na kwa Kiswahili. Nilimwambia anataka kunifanya kilema ili nikae nyumbani. Lilikuwa neno baya na halikuwa kweli, na nililisema Theresia akiwa mlangoni na mwiko mkononi. Yeye ndiye alikuwa anasonga ugali siku hizo, msichana wa miaka kumi na minne, kwa sababu nilipojaribu mimi mwiko ulinitoka ukaangukia majivuni. Alitupakulia, akaweka sahani yangu upande wa kushoto bila kuambiwa, akasema, "Kesho ni siku ya hospitali. Nani anampeleka Aayo?" Aayo kwetu ni mama. Tukaona aibu wote wawili. Alinipeleka baba yake.

Kama hujawahi kukaa kwenye foleni ya hospitali na mkono ambao ugonjwa wake hauonekani, nikueleze. Mwenye jipu anahurumiwa, mwenye mguu uliovunjika anapishwa. Wewe una mkono mzuri tu, mnene, wenye kucha. Bibi mmoja aliniuliza nimemsindikiza nani. Nilipomwambia ninaumwa mkono, akaugeuza kama anakagua kitunguu, akaniambia nipake mafuta ya kondoo. Nilikuwa nimeshapaka. Nilikuwa nanuka mafuta ya kondoo toka nje ya geti.

Kwenye benchi la foleni hiyo alikaa pia dereva wa watalii, kijana wa Karatu mwenye miwani ya jua juu ya kichwa, naye mkono umekufa ganzi. "Mama, mimi ni stiaringi tu," akasema. "Geim draivu mbugani siku tano mfululizo, rafu rodi, klienti anataka chui. Nikishuka siwezi kushika hata kijiko." Nilifurahi kupita kiasi. Usifikiri nilimwombea mabaya. Ni kwamba miezi yote ile nilidhani niko peke yangu duniani.

Daktari alinipima, akaandika, akanituma kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kijana mwembamba aitwaye Petro, ambaye chumba chake kilikuwa kidogo hata foleni yake ikakaa nje uani, yule dereva na bibi wa mafuta ya kondoo wakiwemo. Petro aliniuliza kazi yangu. Nikamwambia. Akaniuliza nakaaje kwenye pikipiki. Nikaanza kueleza, na yeye akatikisa kichwa.

"Mama, usiniambie. Nionyeshe."

"Hapa hakuna pikipiki."

"Lile benchi ni la nini?"

Wagonjwa waliinuka, nikapanda benchi la hospitali na gauni langu, miguu huku na huku, mume wangu akitazama chini kama mtu aliyepoteza ufunguo. Watu wakaanza kucheka. Nikanyoosha mikono hewani. Petro akazunguka akinitazama, akasema mbona sio mbaya sana.

"Sasa kasha liko wapi?" nikamuuliza.

"Kasha gani?"

Yule dereva akanipa boksi lake la chakula cha watalii, alilotoka nalo kazini. Nikaliweka mbele yangu mapajani, nikalizungushia mikono, viwiko vikatanuka, kifua kikaenda mbele, viganja vikapinda. Bibi wa mafuta ya kondoo akapiga makofi akasema, "Washa twende!" Uani pote watu wakaangua kicheko, na mimi nikacheka mpaka machozi, kicheko cha kwanza tangu Arash.

Petro peke yake hakucheka. Aliweka vidole viwili kwenye kifundo changu cha mkono, pale kilipokunjika, akabonyeza. Radi ikapita mpaka ncha ya kidole gumba.

"Umeisikia?"

"Nimeisikia!"

"Basi mshipa wa fahamu bado uko hai. Mama, umekuwa ukiendesha masaa mangapi kwa siku mkono ukiwa umekunjwa hivi na wewe umeulalia?" Nilipomtajia, akafumba macho. "Chanjo uliilinda vizuri sana," akasema. "Mtikisiko wake wote ukaubeba wewe."

Baba Theresia aliinua kichwa. Nadhani siku hiyo ndiyo aliacha kuichukia pikipiki, akaanza kulichukia kasha.

Nilipewa gango, ubao mwembamba uliovikwa kitambaa, wa kufunga kifundo kisikunjike ninapolala, na mazoezi ya kunyoosha vidole asubuhi na jioni. Pikipiki nisiiguse kwa wiki sita. Kama ganzi haitaondoka, nitapelekwa hospitali kubwa kupasuliwa mkono. Petro alilisema hilo kwa upole, na sikulisahau hata siku moja.

Wiki ya kwanza ya gango hakuna kilichobadilika. Wiki ya pili maumivu yalirudi, na nilimpigia Petro nikimlaumu. Akanipongeza! Mkono unaouma umeanza kuamka, akasema, nisubiri. Vuli ilikuwa imeanza. Watu wa Karatu walikuwa shambani wanapanda, na mimi nilikaa barazani na gango langu nikiwanyooshea vidole vitano vyenye usingizi kila jirani aliyepita, maana zoezi lenyewe lilifanana na kupunga mkono. Walinipungia. Mtaa mzima ulidhani nimekuwa mchangamfu.

Petro alisema vidole visivyohisi vinafundishwa kuhisi. Mume wangu alilibeba neno hilo. Jioni moja alikuja na bakuli, ndani amechanganya mahindi, maharage na mbaazi. "Fumba macho," akasema. Nikapeleka mkono wa kulia. Kwa vidole vile vitatu vyote vilikuwa changarawe tu. Nilisema mahindi, ikawa haragwe. Nilisema haragwe, ikawa hindi. Nikalisukuma bakuli, punje zikamwagika, nikaenda ndani kulala kabla ya chakula. Yeye akaokota moja moja. Kesho yake jioni akaja tena na bakuli, na keshokutwa. Hakunibembeleza wala hakunisema. Alikuwa anakaa tu mbele yangu na kusubiri kama anavyosubiri mvua. Mtu huyu ndiye nilimwambia anataka niwe kilema.

Mwisho wa wiki ya tano nilifumba macho, nikaokota kitu, na kidole gumba kikateleza juu yake. Kidogo. Cha duara. Laini, na upande mmoja kina kovu dogo pale kiliposhikana na ganda.

"Mbaazi," nikasema.

Nikafumbua macho nikakuta ameziba mdomo kwa kiganja. Nikaokota nyingine. Mbaazi. Nyingine, hindi, na ncha yake ikanichoma kidogo, oh, kuchomwa kutamu! Theresia alikuja mbio kutoka jikoni akafikiri kuna msiba. Usiku huo tulipika makande ya zile punje zote za bakuli, na nilimwomba Baba Theresia msamaha kwa neno lile. Alisema, "Lipi?" Alikuwa analikumbuka vizuri sana.

Wiki ya sita Petro alinipa uzi na sindano ya kushonea. Nikaweza kuutunga uzi mara ya tatu. Akaniachia nirudi kazini, lakini kwa masharti, na kabla ya yote alitaka pikipiki ibadilishwe.

Baba Theresia akasema tunakwenda wote Wasso. Alikuwa hajawahi kufika. Alipakia kwenye basi kipande cha godoro letu kuukuu, amekikata na kukishonea gunia, na kamba mpya nne. Tulipofika kwa Lazaro, fundi alipoambiwa atoe tyubu zake kwenye vishikio alinuna. "Mbona hiyo ndiyo spesho?" akalalamika. Zikatoka safu kwa safu, chini yake vishikio vyembamba nilivyovisahau. Akaulegeza usukani akauinua na kuurudisha kwangu, akashusha mikono ya breki na klachi mpaka nilipokaa viganja vikanyooka kwenye mstari mmoja na mikono yangu. Akaipaka grisi waya ya klachi, kumbe ilikuwa kavu na mimi nikiivuta kama ndoo ya kisimani. Akapunguza upepo wa matairi kidogo. Halafu mume wangu akaweka godoro lake kwenye keria, kasha juu yake, akafunga kamba nne kwa mafundo ya mkulima anayesafirisha mbaazi sokoni. Alilitikisa kwa mikono miwili. Lazaro alilipiga teke. Halikutetereka.

Nilizoea kwanza njia ya Soitsambu, ambayo ni fupi. Ugumu mkubwa ulikuwa kushika polepole. Mkono ulishazoea kunyonga. Nilijiambia kwa sauti ndani ya kofia, shika kama kifaranga, shika kama kifaranga. Kwenye vijituta vya bati niliinuka na kusimama juu ya vikanyagio ili magoti yabebe mtikisiko. Na kila korongo nilisimama, nikazima, nikashuka, nikakung'uta mikono, nikafungua na kufumba vidole mpaka niwe na uhakika navyo vyote kumi. Glavu zangu ni nene na hazinibani. Sharti la korongo ndilo Petro alilonisisitizia, na ndilo watu wengi hawatalitii, kwa sababu siku za mwanzo mkono haukudai kitu. Wewe simama tu, hata kama haukudai. Ukisubiri ganzi ikwambie, umeshachelewa.

Siku ya Arash ilifika wiki mbili kabla ya masika, mawingu yameanza kukusanyika. Nilisimama makorongo yote. Katika moja vijana wawili wa pikipiki walinipita wakaniuliza kama nimeharibikiwa. Nikawaambia nimetengenekewa. Wakanishangaa wakaenda.

Mama Nashipai alikuwa amesimama kwenye mlango wa zizi, shuka limefungwa vizuri, jua tayari limepanda.

"Takwenya!" nikamwamkia kwa Kimasai.

"Iko," akaitikia. "Siku hizi Daktari anatembea kama ng'ombe mzee," akasema. "Anasimama kila mahali."

"Ng'ombe mzee anafika na maziwa."

Alilitazama kasha nyuma, kavu, zima, kila chupa mahali pake. Kisha akanyoosha mkono wake, nikampa wangu. Akaminya kidole gumba, pale penye alama ndogo ya sindano, kwa nguvu, mama yule hana huruma.

"Aii!" nikapiga kelele.

"Vizuri," akasema. "Ingia."

Nilichanja tangu muda huo mpaka kivuli cha pikipiki kikawa kirefu. Mbuzi, kondoo, kisha ng'ombe. Nilihisi bomba, nilihisi ngozi ikibonyea kabla sindano haijapita, nilihisi mshtuko wa kila mnyama chini ya kiganja. Sikuangalia vidole hata mara moja. Hakuna chupa iliyovunjika na hakuna mnyama aliyerudi bila chanjo, na nilipompigia mkuu wangu kumwambia nimemaliza Arash yote, alisema neno moja tu, "Pikipiki," nami nikalielewa.

Nilikuwa nafunga kamba zangu nne nilipoona watoto wanakuja. Asubuhi walikuwa machungani na ndama, hawakuwahi kuniamkia. Wakaja mmoja mmoja na kuinamisha vichwa, na wa mwisho alikuwa Naserian.

Nikavua glavu. Nikaweka kiganja utosini kwake.

Nywele zilikuwa zimeanza kuota, fupi, zinakwaruza kama ulimi wa ndama. Kulikuwa na vumbi. Kulikuwa na jasho kidogo karibu na sikio, na joto, joto jingi la kichwa cha mtoto aliyeshinda juani, likapanda kwenye kidole gumba na viwili vinavyokifuata.

Naserian aliinua macho.

"Daktari," akasema, "nimeshakuamkia."

"Najua," nikamwambia, na sikuuondoa mkono.